Maswali yenu: kiti mwendo kimetolewa, je, kinatumika?

Tuliomba maswali kutoka kwa wanaotoa na wanaopokea huduma za watu wenye ulemavu mkoani Dodoma. Barua nyingi zimelalamikia jambo lilelile kwa maneno tofauti: madaftari yanajaa, ripoti zinakwenda juu, huduma inabaki pale pale. Tumechagua saba. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna majibu ya nyingine nyingi.

Kituo chetu cha Dodoma mjini kimegawa viti mwendo 64 ndani ya mwaka mmoja, katika Jiji, Bahi na Chamwino. Ripoti imeandika 64 na imepokelewa vizuri. Lakini fundi wetu akipita vijijini anakuta vingine vimeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba. Tupime nini ili tujue hali halisi?
*Mratibu wa kituo, Dodoma*

Ndugu mratibu, 64 ni idadi ya viti vilivyotoka stoo. Namba mnayoitafuta ni hii: kati ya waliokabidhiwa kiti miezi sita iliyopita, wangapi walikitumia jana? Tumesema "jana" kwa makusudi. Ukimuuliza mtu kama huwa anatumia kiti atakujibu ndiyo, maana aliyepewa kitu hapendi kumvunja moyo aliyempa. Jana ni siku moja, ina asubuhi yake na jioni yake, na mtu anaikumbuka.

Anzeni na daftari, mstari mmoja kwa kila kiti. Namba ya kiti iandikwe kwa rangi ya mafuta kwenye chuma chini ya sehemu ya kukalia, kwa sababu stika haimalizi miezi miwili kwenye jua na vumbi letu. Kisha andikeni tarehe ya kukabidhi, upana wa nyonga za mtumiaji, upana wa kiti, aina ya mto, simu yake, simu ya mtu wa pili (jirani au balozi), na alama ya kumfikisha mgeni nyumbani. Msiiache simu ya pili. Laini hupotea na kubadilishwa, na bila namba ya pili kila mwaka mtawapoteza watu ambao bado wapo pale pale kijijini.

Vipimo viwili vya upana vinafanya kazi hata kabla hamjasafiri. Upana wa kiti unatakiwa kuwa karibu sawa na upana wa nyonga. Daftari likionyesha nyonga sentimita 33 na kiti sentimita 41, mnajua mkiwa ofisini kwamba mtu huyu anaegemea upande mmoja, mgongo wake unaanza kupinda, na mikono yake inayafikia magurudumu kwa shida. Mwekeni juu ya orodha ya kutembelewa. Msimsubiri alalamike.

Watembeleeni wiki ya sita, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo uliweka hatua nane, kuanzia rufaa hadi ufuatiliaji na matengenezo. Fedha zikipungua, hatua ya nane ndiyo inayokatwa kwanza, na hapo ndipo kiti kinapohamia ukutani.

Mkifika, maswali manne yanatosha. Jana ulikaa kwenye kiti kwa saa ngapi? Jana kiti kilitoka nje ya uzio wa nyumba? Tangu tulipoonana, nini kiliharibika, kwa siku ngapi, na nani alikitengeneza? La nne ni la kuangalia kwa macho na vidole, kwa ridhaa yake na mahali pa faragha: ngozi ya makalio, mfupa wa mkia na nyonga. Vitabu vingi husema tafuta wekundu usiofifia ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Tafuteni sehemu iliyo nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko ngozi inayoizunguka, yenye joto, iliyokakamaa au iliyolainika kupita kawaida. Linganisheni upande wa kulia na wa kushoto. Mtu aliyepooza kwa kuumia uti wa mgongo anaweza kuwa na kidonda kinachofika kwenye mfupa asihisi chochote, na kidonda cha namna hiyo kinaua.

Jibu hili la nne lisisubiri ripoti ya robo mwaka. Yeyote mwenye dalili aache kukalia sehemu hiyo siku hiyohiyo, akaguliwe mto wake, akumbushwe kuinamia mbele au pembeni ili kupunguza mgandamizo kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kama ngozi imeshafunguka apelekwe hospitali. Kwenye daftari pawe na safu ya "hatua iliyochukuliwa na tarehe". Safu hiyo ikiwa tupu, mmemkagua mtu na kumwacha na kidonda chake.

Sasa uharibifu. Hesabuni kwa sehemu: tairi, tyubu, breki, beringi, foku ya gurudumu dogo la mbele, mto, kitambaa, sehemu ya kuwekea miguu. Baada ya ziara 30 hivi mtaanza kuona sura ya tatizo. Lakini hesabu hizi zisomwe pamoja na fundi, maana namba peke yake inaweza kuwapeleka dukani kununua kitu kisichohitajika. Mfano mzuri ni breki. Tuseme breki ndizo zinazoongoza kwa malalamiko: "haishiki". Haraka ya kwanza ni kuagiza breki. Breki ya kiti mwendo cha kawaida inashika kwa kulikandamiza tairi. Mwiba wa mgunga ukitoboa tyubu kidogo, upepo ukapungua, tairi linasinyaa na breki inabaki ikigusa hewa. Mtumiaji anafunga breki, anaegemea mikono ili ahamie kitandani, kiti kinarudi nyuma, anaanguka. Kinachotakiwa hapo ni pampu, viraka, na pengine tairi zisizo na upepo kwa wanaoishi kwenye njia za miiba. Kwa hiyo kila mkiandika "breki", mwandike pia hali ya upepo wa tairi.

Magurudumu madogo ya mbele nayo huumia kwenye mchanga na makorongo. Vumbi linaingia kwenye beringi, gurudumu linagoma kuzunguka, mtumiaji anasukuma kwa nguvu, foku inapinda. Kama Bahi inaonyesha foku nyingi zilizopinda kuliko mjini, mmepeleka kiti cha sakafu ya hospitali kwenye njia ya ng'ombe. Kiti chenye gurudumu la mbele kubwa na pana zaidi, au kile kirefu cha magurudumu matatu, kingewafaa. Hilo ni agizo la kuandika kwa mfadhili, na sasa mna ushahidi wa kuliandika.

Mwisho, jinsi ya kuripoti. Tuseme mmewatafuta wote 64, mmewapata 50, na 38 kati yao walitumia kiti jana. Ukigawa kwa 50 unapata asilimia 76. Ukigawa kwa 64 unapata asilimia 59. Andikeni zote mbili, na muwataje wale 14 kama 14. Ambao hawapatikani mara nyingi ni waliohama, waliofariki, au ambao kiti kimekufa na wamekata tamaa ya kupiga simu. Kuwaficha ndani ya asilimia 76 ni kuficha hasa wale mliokuwa mkiwatafuta. Na kabla ya kuagiza kiti cha 65, pigeni hesabu ya vipuri vya kufufua vile vilivyoegemezwa ukutani.

Mimi ni mtaalamu wa fizioterapia katika hospitali ya wilaya. Kila robo mwaka tunawauliza wagonjwa kama wameridhika, na karibu wote wanasema wameridhika sana. Nikiangalia foleni yetu siamini. Tunakosea wapi?
*Kondoa*

Mnakosea katika swali, katika anayeuliza, na katika mnaowauliza.

Swali la "umeridhika?" linajibiwa na adabu. Mama aliyetoka mbali na mtoto mgongoni, na anayetaka kupokelewa tena wiki ijayo, hatasema hajaridhika. Ulizeni mambo yaliyotokea. Leo ulifika saa ngapi, ukaonwa saa ngapi? Mtaalamu alikuonyesha zoezi la kufanya nyumbani? Nionyeshe, tafadhali. (Hapo mtajua mengi kuliko kurasa kumi za dodoso.) Aliyeshindwa kuonyesha zoezi hakufundishwa kwa namna aliyoielewa, hata kama kadi yake imeandikwa "elimu imetolewa".

Anayeuliza asiwe aliyetoa huduma, wala asivae koti jeupe. Mwanachama wa chama cha watu wenye ulemavu aliyefundishwa kwa siku mbili atapata majibu ya kweli zaidi. Kwa maswali mazito, kama vile kudaiwa fedha au kutukanwa, tumieni punje: mpe mtu punje ya mahindi na ya harage, atumbukize moja kwenye chungu kilichofunikwa, mahindi kwa ndiyo, harage kwa hapana. Asiyejua kusoma anaweza, na asiyeona anazitofautisha kwa vidole. Kiziwi aulizwe kwa lugha ya alama na mkalimani asiye ndugu yake, kwa sababu ndugu akiwepo utapata maoni ya ndugu. Kwa mwenye ulemavu wa akili tumieni sentensi fupi na picha, na swali muhimu liulizwe kwa pande mbili: "Hapa wanakusikiliza?" na baadaye "Hapa hawakusikilizi?" Akijibu ndiyo kote, jibu hilo msilihesabu. Badilisheni namna ya kuuliza.

Na mnaowauliza ni waliokuja. Aliyeudhika yuko nyumbani. Kila mwezi chukueni majina kumi ya walioacha kabla ya kumaliza matibabu, wapigieni, ulizeni swali moja: ni nini kilifanya iwe vigumu kurudi? Simu kumi kwa mwezi ni kazi ya asubuhi moja.

Nimeagizwa kuorodhesha watu wenye ulemavu katika kata yangu. Nikiuliza kaya kwa kaya kama kuna mlemavu, napata wachache mno, na najua wapo zaidi. Kuna njia gani?
*Mtendaji wa kata, Chemba*

Ndugu mtendaji, neno hilo ndilo linalofunga mlango. Bibi wa miaka 70 asiyeona vizuri hajiiti mlemavu, anajiita mzee. Mzazi anayeogopa maneno ya majirani atasema hapana. Njia inayotumika duniani, na iliyoingia kwenye sensa za nchi nyingi, ni maswali sita mafupi ya Kundi la Washington (kundi la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu), na hakuna hata moja linalotaja ulemavu. Yanahusu kuona hata ukivaa miwani, kusikia hata ukitumia shime sikio, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia jambo, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana kwa lugha yako ya kawaida, yaani kuelewa na kueleweka. Kila swali lina majibu manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Anayejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" walau kwa swali moja anahesabiwa. Inachukua kama dakika mbili kwa mtu mmoja.

Yanaharibika kwa njia tatu. Ya kwanza, mdadisi hasomi majibu yote manne, anauliza "unaona vizuri?" na kuandika ndiyo au hapana. Ya pili, anajaza kwa kutazama: amemwona mtu anatembea, anaandika hakuna ugumu, kumbe hawezi kufika kisimani. Ya tatu ni lugha. Katika wilaya yako kuna Kirangi, Kisandawe na Kigogo, na kila mdadisi akijitafsiria papo hapo utakuwa na maswali sita ya namna kumi. Kaeni na wazee wawili au watatu wa kila lugha, mkubaliane maneno ya "ugumu kiasi" na "ugumu mkubwa", myaandike, kisha mtu mwingine ayarudishe kwa Kiswahili muone kama maana imebaki ileile.

Maswali haya sita hayawafai watoto walio chini ya miaka 5. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17 kuna maswali mengine yaliyoandaliwa na kundi hilo pamoja na UNICEF, nayo huulizwa mama au mlezi. Tena hayagusi sana afya ya akili, na mtu mwenye ualbino anaonekana tu kama ana ugumu wa kuona, hivyo ualbino uulizwe peke yake, kwa faragha.

Orodha ikikamilika, tambua kwamba umepata idadi na bado hujajua mahitaji. Kwa kila aliyehesabiwa ongeza mambo mawili: ana kifaa gani na kinafanya kazi, na ni shughuli gani moja anayotaka kuiweza na sasa haiwezi. Hapo kamati ya kijiji ya watu wenye ulemavu itakuwa na kitu cha kujadili, na halmashauri itajua ile asilimia 2 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu iwatafute watu gani na wapi.

Tutumie programu ya simu au daftari?
*Kongwa*

Daftari kwanza, miezi mitatu, mpaka maswali yatulie. Mkiona hamfuti tena safu wala kuongeza, hamieni kwenye simu. Programu ya kukusanya taarifa iitwayo KoboToolbox inajazwa bila mtandao na kutuma mkifika penye mtandao, na inatosha kwa kituo cha kawaida. Wekeni nywila kwenye kila simu. Daftari la zamani lifungiwe kabatini.

Kliniki yetu ya miguu kifundo (miguu iliyopinda tangu kuzaliwa) inapata watoto wengi mwezi mmoja na wachache mwezi unaofuata. Kila namba ikishuka tunaitwa kujieleza, ikipanda tunapongezwa. Tutajuaje kama huduma inaboreka kweli?
*Dodoma*

Namba ya mwezi mmoja haiwezi kuwaambia hilo. Chukueni karatasi ya mraba, mchore nukta ya kila mwezi kwa angalau miezi kumi, bora zaidi kumi na miwili. Zipangeni namba zote kutoka ndogo hadi kubwa, chukueni ya katikati, mpige mstari wa kulala. Nukta kupanda na kushuka kuzunguka mstari huo ni mwendo wa kawaida, na hakuna wa kupongezwa wala kulaumiwa. Tafuteni sababu mkiona nukta sita au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari (iliyoangukia juu ya mstari rukeni), au tano au zaidi zikipanda tu au zikishuka tu. Andikeni juu ya nukta jambo mlilobadilisha na mwezi wake, la sivyo baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka.

Kwa Dodoma lazima muisome chati pamoja na kalenda ya mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Januari mama yuko shambani na njia zimekatika. Linganisheni Januari na Januari iliyopita, msilinganishe na Septemba. Tazameni pia siku ya kliniki: ikiangukia siku ya mnada wa eneo, usafiri upo na nauli inagawanyika na shughuli nyingine. Jaribuni kuihamisha kwa kliniki moja ya vijijini, miezi minne, muone nukta zinasemaje kabla ya kuhamisha zote.

Lakini swali la ndani zaidi ni mnachokihesabu. Katika njia ya Ponseti, ya kunyoosha mguu hatua kwa hatua, plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, watoto wengi wanakatwa kano ya kisigino, kisha vinafuata viatu vilivyounganishwa kwa fimbo: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku na wakati wa kulala mpaka miaka minne au mitano. Idadi ya plasta ni rahisi kuhesabu, na ndiyo inayojaza ripoti. Mguu unarudi kupinda kwenye hatua ya viatu, kwa sababu mama anaona mguu umenyooka, mtoto analia usiku, viatu vinawekwa juu ya kabati. Kwa hiyo wapangeni watoto kwa mwezi waliovishwa viatu. Walioanza Machi wawe kundi moja. Andikeni wangapi bado wanavaa baada ya miezi mitatu, sita, kumi na miwili. Ukaguzi wa mapema, wiki mbili baada ya kuvishwa, ndio wa kulinda kwa nguvu zote, maana hapo malengelenge na viatu vilivyobana vinarekebishika kabla mzazi hajakata tamaa.

Jambo dogo kuhusu muda wa kusubiri: msitumie wastani. Watoto watano wakisubiri siku 3, 5, 6, 8 na 90, wastani ni siku 22, na hakuna hata mmoja aliyesubiri hivyo. Namba ya katikati ni 6. Ripotini 6, kisha mkae kikao kuhusu yule wa siku 90 kwa kadi yake: alipewa rufaa lini, nani alimwona, karatasi ilikwama wapi.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wadau, mtu ametuma orodha ya watoto wote wenye ulemavu kwenye kata, na majina, picha, kijiji na aina ya ulemavu, ili "wafadhili waone". Wamo watoto wenye ualbino. Nimenyamaza lakini sina amani. Ni sahihi?
*Mwalimu, Chamwino*

Si sahihi, na usinyamaze, mwalimu. Leo hii muombe aliyeituma aifute kwa wote, umuombe msimamizi awatake waliokwisha kuipakua waifute na kwenye simu zao, kisha umjulishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa na kuuawa katika nchi hii. Jina, picha na kijiji cha mtoto wa namna hiyo vikiwa pamoja kwenye simu za watu wasiojulikana ni hatari kwa uhai wake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa juu zaidi. Mzazi kukubali mtoto aandikwe kwa ajili ya kliniki hakumaanishi amekubali picha yake itembee.

Mfadhili anahitaji hesabu. Mpeni jedwali lisilo na majina, kwa ngazi ya kata au wilaya. Hata hapo, popote palipo na watu wasiozidi wanne andikeni "chini ya 5", na msivunje kwa kijiji. "Kijiji fulani, ualbino, wa kike, miaka 6: mmoja" ni jina kamili, hata kama halijaandikwa. Orodha yenye majina ikae kwa mtu mmoja anayewajibika, na kwenye kazi za kila siku tumieni namba badala ya jina.

Mwanangu ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo. Ameandikwa mara nne na watu tofauti, wengine wamempiga picha. Hakuna aliyerudi. Safari ijayo nikatae?
*Mama, Mpwapwa*

Mama, pole, na una haki ya kukataa. Ukikataa, huduma ambayo mtoto anastahili haitakiwi kuondolewa. Ila kabla ya kuamua, muulize anayekuja mambo manne, na ajibu kabla hajafungua daftari lake: unatoka ofisi gani na nani mkubwa wako, unaandika kwa ajili ya nini, nani mwingine ataona, utarudi lini kuniambia kilichotokea. Asiyeweza kujibu la pili na la nne, muage kwa heshima. Picha ni ridhaa ya peke yake, unaweza kukubali kuandikwa na kukataa picha. Uliyoyakubali zamani pia unaweza kwenda kuomba uonyeshwe yameandikwaje, na yakiwa na makosa yasahihishwe.

Wewe nawe shika daftari, la kurasa 40 linatosha. Mbele andika kila anayekuja: tarehe, jina, ofisi, alichoahidi. Siku akija wa tano, mwonyeshe ukurasa huo, na uupeleke pia kwa afisa ustawi.

Nyuma ya daftari andika ya mtoto. Anza na kula, kwa sababu watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wanadhoofu na kuugua kifua kwa shida ya kumeza. Kwa siku mbili, kila mlo, andika ulianza saa ngapi na ukaisha saa ngapi, ulikuwa uji au ugali, alikaa au alilala, alikohoa au kupaliwa mara ngapi. Mlo ukizidi dakika 30 mara kwa mara, au akikohoa karibu kila mlo, au sauti yake ikiwa kama ya maji baada ya kula, mpeleke hospitali bila kungoja mtu aje kumwandika. Wakati huo huo mlishe akiwa amekaa wima, kichwa kimeinama kidogo mbele, kamwe kisiangalie juu, kijiko kidogo, uji uwe mzito kiasi, umpe nafasi ya kumeza kabla ya kijiko kingine. Mpime uzito kila mwezi zahanati na uandike, hata kama ameshapita umri wa kliniki ya watoto. Waombe, wanaweza kumpima ukiwa umembeba, kisha wakatoa uzito wako.

Ukifika hospitali, mpe mtaalamu daftari hilo mkononi kabla hajaanza kukuuliza.